Mnaotazama filamu yetu kwa linki ya wizi kisha mnasema "sauti mbovu": nina maneno na nyinyi

Wadau, nimekasirika na sitazunguka. Mimi ni fundi wa sauti. Ndiye niliyerekodi sauti ya ile filamu ya uhalifu ya Nairobi iliyotoka majuzi, ile ya kijana wa gereji anayesingiziwa mauaji. Jina siandiki, sikuja hapa kuitangaza. Nimekuja kwa sababu tangu wiki ya kwanza nasoma maneno yale yale kila mahali: "sauti mbovu", "Wakenya sauti haiwezi", "tangu Nairobi Half Life hakuna kitu", yaani ile filamu ya uhalifu ya Kenya ya mwaka wa 2012.

Nakala mnayoijadili ilirekodiwa kwa simu ndani ya ukumbi. Mtu alikaa safu za nyuma, akashika simu kifuani, kesho yake ikawa Telegram. Nimeisikiliza yote. Unasikia mtu akitafuna bisi. Unasikia dada akimuuliza mwenzake kama huyo ndiye muuaji, mwenzake akimjibu, na hapo hapo steringi alikuwa ananong'ona jina la aliyemtuma. Neno ambalo hadithi nzima inalisubiri limepotea chini ya mazungumzo ya watu wawili. Halafu mtu anaandika aya tatu kwamba fundi wa sauti alilala kazini!

Ngoja niwaambie fundi huyo alivyolala. Filamu ya aina hii inaishi kwa ukimya. Mlango ukifunguka polepole, lazima usikie bawaba. Sasa tafuta ukimya Nairobi. Chumba cha muuaji kilikuwa Umoja, ghorofa ya mwisho, na chini yake Outering Road na matatu zake zinazotetemesha vioo kwa muziki. Tulisubiri usiku wa manane. Matatu zikapungua, mbwa wakaanza. Mbwa wakanyamaza, pampu ya maji ya jengo ikawaka. Mwelekezi alishuka mwenyewe kumbembeleza mlinzi aizime, na tukapata dakika chache kabla wapangaji hawajaanza kuulizia maji. Mvua ikinyesha kwenye mabati unafunga vifaa, kwa sababu hakuna maneno yatakayosikika. Pumzi za yule mwigizaji akiwa amejificha chini ya kitanda nilizirekodi nikiwa nimelala sakafuni kando yake, maiki imefungwa kwenye ufito wa fagio kwa sababu mti wake ulikuwa umevunjika na pesa ya kununua mwingine haikuwepo. Zile pumzi kwenye nakala ya simu hazipo kabisa.

Na bunduki je? Mnacheka kwamba tukio la ujambazi lilirekodiwa ndani ya yadi badala ya barabarani. Kutembea na bunduki ya bandia katikati ya Nairobi ni kuomba kupigwa risasi za kweli. Unahitaji kibali cha kupiga picha, kibali cha kaunti, barua kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), na askari wa kusimama hapo kuwaeleza wenzake kwamba hawa ni waigizaji. Kila hatua ina ada yake. Tulikuwa na pesa ya yadi, tukarekodi kwenye yadi.

Sasa hii habari ya Nairobi Half Life. Naipenda ile filamu kuliko wengi wenu. Iliongozwa na David "Tosh" Gitonga, ikatoka mwaka wa 2012, steringi wake Joseph Wairimu akapata tuzo ya mwigizaji bora kule Durban, na ikawa filamu ya kwanza kabisa ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Hayo yote ni kweli na tujivunie. Lakini mnaposema "mbona wao waliweza", semeni na walichokuwa nacho. Ilizaliwa kwenye mradi wa One Fine Day Films, kampuni ya mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer, ikishirikiana na Ginger Ink ya hapa Nairobi. DW Akademie, kitengo cha mafunzo cha shirika la utangazaji la Ujerumani, ilikuwemo. Wataalamu wenye uzoefu walikuja kukaa na vijana wetu idara kwa idara, kamera kwa kamera, sauti kwa sauti. Ule ulikuwa mpango mzuri, na vipaji vilikuwa vyetu, hilo hakuna wa kutunyang'anya. Sisi prodyuza wetu alikopa Sacco na kuweka rehani logbook ya gari lake. Mnatupima kwa kipimo kimoja na mnaona ni haki?

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mnamkumbuka Mwas, steringi wa Nairobi Half Life, mwanzoni, kabla hajapanda gari kuja mjini? Kazi yake ni kuuza DVD za filamu za ng'ambo, anawaigizia wateja vipande ili wanunue. Sote tulimpenda kijana yule. Kisha filamu yenyewe ikauzwa vile vile, kwa shilingi 50, River Road na kwenye kila steji, na wengi wenu mnaoitaja leo kama kipimo cha ubora hamkuwahi kuilipia. Semeni ukweli, mliitazama wapi?

Najua mtajibu: kumbi ziko wapi? Hapo mna haki. Sinema ya zamani ya Odeon leo ni steji, ya Globe ni mzunguko wa magari, na nyingi ya zilizobaki ziko ndani ya maduka makubwa ambako mtu wa Kayole anatumia nauli na chakula kabla hata ya tiketi. Hata ukumbi uliotuchukua ulitupa saa nane mchana, siku ya kazi, huku jioni zote zikienda kwa filamu ya Marekani. Watu walipokosa kuja saa nane, tukaambiwa filamu yetu haina watu, ikaondolewa. Nusu ya kila tiketi ilibaki kwao.

Runinga? Filamu ikipewa alama ya 18, kabla ya saa nne usiku haiwezi kuonyeshwa. Sikatai, watoto walindwe. Lakini kituo kimoja kilituita, mkubwa wao akaisifu sana, kisha akasema hawana bajeti ya kulipa ila "mtajulikana". Kwa hiyo matangazo ya saa nne usiku yanalipiwa, msomaji habari analipwa, umeme unalipwa, na sisi tujulikane. Yule mama aliyetupikia githeri usiku kucha bado anamdai prodyuza. Nikamlipe kwa kujulikana?

Sisemi msitukosoe. Hadithi yetu inalegea pale katikati, polisi wa pili hana kazi yoyote, na mwisho uliharakishwa kwa sababu pesa ziliisha. Piga hapo, tutasikia. Kuna mmoja hapa jukwaani aliyekwenda ukumbini, akalipa, akasema muziki ulifunika mazungumzo kwenye tukio la baa. Alisema kweli, na nilimwandikia kumshukuru. Huyo ana haki ya kusema chochote.

Wewe uliyeweka linki, itoe leo. Wasimamizi, kila anayeiomba chini ya uzi huu mfuteni, msiniambie ni uhuru wa maoni. Na nyinyi mliokwisha kuitazama, tiketi ilikuwa shilingi 500 na namba ya Paybill bado iko chini ya bango la filamu. Lipeni, halafu rudini hapa tuzungumze kuhusu sauti.