Tupeane uzoefu: kiongozi alikuja kwenu lini, na je, alirudi tena?

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wadau, na wengine wote habari za jioni.

Mama yangu alifariki usiku, tukamzika kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Kiongozi mmoja, mtu mkubwa kwenye baraza la madiwani la wakati huo, alikuja. Hakuja kusaini daftari la rambirambi na kuondoka. Alibeba jeneza tangu msikitini, akapokezana na vijana mpaka makaburini, akavua viatu, akafukia udongo kwa mikono yake. Siku ya khitma akakaa mkekani na sisi hadi sahani za mwisho zikaondolewa. Ilikuwa imebaki miezi miwili kufika kura za maoni, zile za chama kupata mgombea wake.

Alipita, akarudi barazani. Miaka miwili baadaye akafariki baba. Nyumba ileile, turubai palepale. Hakuja. Iliingia shilingi elfu hamsini kwenye simu, kutoka namba nisiyoijua, na ujumbe wa mstari mmoja.

Tangu siku ile jambo hili linanisumbua. Udongo aliomfukia mama ulikuwa udongo kweli, na jasho lilimtoka kweli, nililiona. Siwezi kusimama nikasema alimdanganya maiti. Lakini pia siwezi kuacha kuhesabu ile miezi miwili.

Wengine watasema ndiyo siasa, zoea. Mimi sitaki kuzoea. Kwetu kuzikana ni jambo zito. Mtu asiyezikana na wenzake hata kahawa ya baraza haimshuki. Kiongozi akiingia humo, ameingia chumbani kwetu, na nataka kujua ameingia kama nani.

Kuna jambo naliweka wazi, maana vijana wengi hapa mjini hawalijui. Meya hachaguliwi na mimi na wewe. Tunachagua diwani wa kata, kisha madiwani, pamoja na wale wa viti maalumu, wanamchagua mmoja wao awe meya. Kwa hiyo meya anayetaka kurudi ana milango mitatu: wajumbe na vikao vya chama chake, kisha wapiga kura wa kata yake, kisha madiwani wenzake. Tanga ni jiji tangu 2005 na ina kata 27. Wananchi wenye kura mkononi ya kumpa yeye ni wa kata moja tu. Sisi wengine wote yeye ni meya wetu, lakini hatuna cha kumpa wala cha kumnyima.

Sasa naomba visa vyenu. Meya, mwenyekiti wa halmashauri au diwani: alikwenda wapi mahali asipokuwa na kura? Alikwenda lini wakati kura ziko mbali? Tusitaje majina, wala chama, wala kata ya mtu tunayemlalamikia. Tusimulie tuliyoyaona kwa macho.

Bint Mkonge

Pole sana kaka kwa wazazi wote wawili, Mungu awarehemu.

Kisa changu ni cha masika, mvua ile ya kushinda na kukesha. Ukuta wa nyumba ya jirani ulianguka saa nane usiku, ndani mna bibi na wajukuu watatu. Vijana wa mtaa waliwatoa, wote wazima, bibi kaumia mguu. Kabla ya alfajiri akaja mzee mmoja, kanzu kaipandisha mpaka magotini, taa ya mkononi, kaongozana na mwenyekiti wetu wa mtaa. Nilidhani ni ndugu wa bibi. Akawa anauliza maswali ya maana: bibi amekwenda hospitali ya Bombo na nani, watoto wanalala wapi leo, nani ana funguo za darasa. Palipopambazuka ndipo dada yangu akaniambia, huyu si meya?

Sisi si kata yake. Uchaguzi ulikuwa umepita miezi michache tu, kwa hiyo wa pili ulikuwa mbali mno. Na hakuja na mpiga picha, hilo nalikumbuka vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye chaji na sikupiga.

Kilichoniingia moyoni ni kwamba alirudi. Jumapili mbili zilizofuata tulifanya msaragambo wa kuzibua mtaro na alikuwepo zote mbili. Si kwamba alichimba sana, umri ulishamwendea, lakini alikaa mpaka mwisho, akanywa uji na sisi palepale kwenye kopo la plastiki.

Wa Mtaroni

Naheshimu visa hivi ila naomba niwe tofauti. Mimi sitaki kiongozi wa kunizikia. Ndugu zangu watanizikia. Nataka mtaro.

Diwani wetu wa kipindi fulani hakuwa mtu wa watu. Msibani hafiki, harusini hafiki, Maulidi ya mtaa anatuma kiti kikae kitupu. Watu wakasema ana kiburi, nami nikasema hivyohivyo. Halafu siku moja nikaenda kusikiliza baraza la madiwani. Wengi hawajui kwamba baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nikakaa nyuma kabisa. Yule mtu tuliyemwita wa kiburi alisimama na karatasi zake akawabana wataalamu wa ujenzi juu ya mtaro wetu. Anajua kalavati limeziba wapi. Anajua maji yanaingia nyumba ngapi. Kumbe alikuwa akipita na mtendaji wa kata asubuhi sana, sisi tumelala, wanapima.

Mtaro ukajengwa, upo mpaka leo, masika hatuhamishi magodoro.

Kura za maoni akaanguka. Aliyemshinda alikuwa hodari wa kubeba majeneza. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumwambia mtu hata mmoja nilichokisikia siku ile barazani. Ndiyo maana naandika leo.

Mwana Ngamiani

Wa Mtaroni, umenigusa pabaya. Hilo la kwenda barazani sikuwahi kulifikiria, na ofisi zao ni mwendo wa baiskeli tu kutoka nyumbani.

Kipa Namba Mbili

Mimi ni wa mpira. Mtia nia mmoja, alikuwa anatetea kiti chake, alianzisha kombe la mitaa kwa jina lake. Timu nane, kila timu seti ya jezi, mipira miwili, mshindi ng'ombe. Uwanja ulijaa kila jioni, mama lishe wakauza, tulifurahi sana, sitaki kuficha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidaka penalti mbili nusu fainali, watu wakanibeba.

Fainali ilipangwa Jumamosi. Kura za maoni zikafanyika katikati ya wiki, akashindwa.

Fainali haijachezwa hadi leo. Jumamosi ile tulikwenda uwanjani timu zote mbili, tumevaa, tukakaa mpaka magharibi. Hakuja refa, hakuja mtu. Jezi ninayo. Haikosi kitu, ina namba na jina lake mgongoni.

Mama wa Kikundi

Naomba niseme kuhusu mikopo ya asilimia 10, maana hapo ndipo tunapochezewa akina mama.

Hizi ni fedha za mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria inasema asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na hazina riba. Si hisani ya mtu. Zilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, zikarejeshwa 2024, na kusimama kule kulitubana sana sisi wenye vikundi vidogo. Sisi tunakaanga dagaa na samaki. Mimi ndiye mweka hazina.

Siku ya kukabidhiwa tulipigwa jua kuanzia saa tatu. Mgeni rasmi akafika saa saba, akashika ule mfano wa hundi mkubwa kama mlango, akasema, "Akina mama, nimewaletea fedha, na nyie mnajua cha kunifanyia." Tukapiga vigelegele. Nilipiga na mimi. Usiku nikawa sipati usingizi. Tuliandika katiba ya kikundi, tukafungua akaunti, tukaenda kwa afisa maendeleo ya jamii mara nisizoweza kuzihesabu, na fedha yenyewe tunairejesha mpaka senti ya mwisho. Amenileteaje?

Marejesho tumemaliza. Alipokuja tena kuomba nilimkaribisha kiti, nikampa maji, nikamwambia kwa adabu, baba, cha kukufanyia sina, deni langu nimelipa.

Mwalimu Mstaafu

Mama wa Kikundi, hongera mwanangu.

Nikumbushe tu historia kidogo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kukirimu watu kwa nia njema. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria ipo, lakini pilau ya khitma nani ataipima? Ukarimu ni mila yetu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu akileta mchele msibani huwezi kuurudisha, ni aibu kwa marehemu.

Mimi wanafunzi wangu wawili walikuwa madiwani. Mmoja alikuwa akija shuleni kila tulipofungua muhula, hata mwaka ambao hakuna lolote, anakaa darasa la mwisho anasikiliza wanavyosoma. Hakuleta kitu. Alikuwa anauliza madawati mangapi, basi.

Mvuvi wa Bagamoyo

Huku kwetu hakuna meya, ni halmashauri ya wilaya, tuna mwenyekiti. Lakini mambo ni yaleyale. Msimu ukifika utawaona pwani kwenye mnada wa samaki, suruali zimekunjwa, wanapokea ndoo kwenye mashua. Mara zote wanakuja saa nne, mnada umeshachangamka. Sisi tunaingia usiku. Giza la pwani, ushuru, bei ya barafu, hayo yote yanatukuta saa kumi alfajiri na hakuna anayeyaona. Mmoja tu katika maisha yangu alikuja saa kumi. Akateleza kwenye matope akaumia kiwiko, akabaki. Huyo tulimsikiliza.

Diwani wa Zamani

Nimesoma uzi wote tangu jana na nimesita sana kuandika.

Nilikuwa diwani muhula mmoja, katika mkoa huu. Naomba niwaonyeshe upande wa pili, si kujitetea.

Wiki yangu ya kwanza nilipata kadi sita za michango. Harusi, sendoff, paa la madrasa, kwaya, ada ya mtoto, sanda. Diwani hana mshahara, ana posho, na posho ile inajulikana tarehe yake na kila mtu mtaani. Mke wangu alikuwa na daftari, upande huu wanaodai, upande huu tuliowapa. Nilipokuwa nakwenda msibani nilikuwa naogopa, kwa sababu nikifika mikono mitupu watasema, nisipofika watasema. Kuna misiba nilikwenda kwa mapenzi kabisa ya marehemu, na nikaona kwenye macho ya watu kwamba wananihesabia. Mwana Ngamiani, huenda yule bwana alimpenda mama yako. Huenda pia alikuwa anahesabu. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili kwa mguu mmoja na sikuwa na namna ya kuyatenganisha.

Na kadiri uchaguzi ulivyokaribia ndivyo nilivyoacha kazi yenyewe. Kamati ya maendeleo ya kata mimi ndiye mwenyekiti wake kwa cheo, na mwaka wa mwisho niliiendesha vibaya. Nilikuwa kwenye matanga. Mtendaji ananipigia, tuna kikao, namwambia nipo msibani, ahirisha. Zahanati yetu ilikosa mlango wa chumba cha kujifungulia miezi mingi kwa sababu hiyo. Hilo nalibeba.

Nilishindwa kura za maoni. Simu ilinyamaza siku ileile. Nikawa na uchungu na watu wote wa kata ile, nikimwambia mke wangu, walinifanya kisima, sasa kimekauka wamekwenda kwingine.

Bint Mkonge

Pole baba. Na baadaye?

Diwani wa Zamani

Mwaka uliofuata alifariki mama mkwe wangu, alikuwa akiishi kwetu. Nikamwambia kijana akodi turubai dogo, maana hakuna atakayekuja, sina cheo.

Saa tano turubai lilikuwa limejaa. Saa sita majirani wakatoa mikeka yao wakatandika barabarani. Wale wa kwaya walikuja, na wa madrasa walikuja. Yule mama niliyemnunulia mwanawe sanda alifika na sufuria la uji kichwani, ametembea kutoka mwisho wa kata, akaingia jikoni moja kwa moja bila kuuliza. Nilikwenda uani nikakaa peke yangu kidogo.

Tulipotoka makaburini yule mama alikuwa bado anaosha vyombo. Nikamwambia, dada, umefanya kazi kubwa, nenda ukapumzike. Akanijibu bila kugeuka: "Mlango wa zahanati ulikuwa hivyohivyo mpaka mwezi jana. Mwenzako ameweka. Nenda ukauone."

Nilikwenda kesho yake.