Kura yangu ya Texas inaishia wapi?

Mama Neema, Houston:
Wapendwa, nisaidieni. Mwaka 2024 ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga kura ya urais tangu nile kiapo cha uraia. Nilitoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi kwenye foleni, miguu imevimba. Mdogo wangu yuko Milwaukee, jimbo la Wisconsin, ambako ushindani ulikuwa mkali. Kila jioni watu wa kampeni walimbishia hodi. Kwangu hakuja mtu. Harris alipata kura zaidi ya milioni 4.8 hapa Texas, lakini wajumbe wote 40 wa jimbo, wale wanaomchagua rais kwa niaba yetu, wakaenda kwa Trump. Trump naye alipata zaidi ya milioni 6 California na hakuambulia mjumbe hata mmoja kati ya 54. Kwa nini wasijumlishe kura za nchi nzima, mwenye nyingi akashinda?

Baba Salma, Omaha:
Hongera kwa uraia, dada. Huku Nebraska tunagawa: mshindi wa jimbo zima anapata wajumbe wawili, na kila wilaya inayochagua mbunge wa taifa ina mjumbe wake. Harris alichukua mmoja wa Omaha, Trump wanne. Kwa huyo mmoja tu tuligongewa milango mpaka watoto wakachoka. Katiba ya Marekani inaliachia bunge la kila jimbo liamue wajumbe wapatikane vipi. Sheria inayokuumiza, ya mshindi kuchukua wajumbe wote, ni ya Texas yenyewe.

Mtoto wa Voi:
Kenya tunajumlisha nchi nzima: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kura ya Turkana ina uzito wa kura ya Nairobi, na hilo nalipenda sana. Lakini Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo 2017, nchi nzima ililazimika kurudi vituoni. Marekani mwaka 2000 mzozo ulibaki Florida tu, kwa tofauti ya kura 537.

Mama Neema, Houston:
Mtoto wa Voi, mimi ningerudi foleni hata mara tatu, mradi nihesabiwe. Mwaka 2016 Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 akashindwa, hilo silikubali, awe ameshinda yeyote yule. Baba Salma, mpango wenu wa wilaya nao unanitia shaka, maana mipaka ya wilaya wanaichora wanasiasa. Afadhali yale majimbo yaliyopatana kumpa wajumbe wao mshindi wa kura za nchi nzima mara watakapofikisha wajumbe 270, idadi ya kushinda urais. Texas haimo. Bunge letu linaanza kikao Januari 2027. Nani ana mfano wa barua kwa mbunge wa bunge la Texas?