Tupeane uzoefu: chumba kilichokarabatiwa kwenye hoteli ya kasino, kagua nini kabla ya kufungua begi

Kitasa
Wakuu, uzi huu ni wa vyumba tu, mambo ya mezani yana nyuzi zake. Neno "kimekarabatiwa" limebeba vitu viwili tofauti. Kuna ukarabati wa juujuu: rangi, zulia, kitanda, taa, televisheni. Na kuna wa kubomoa: bafu linavunjwa, mabomba yanabadilishwa, nyaya zinapitishwa upya. Tangazo halitofautishi.

Hoteli hizi nyingi zina minara kadhaa na hukarabatiwa mmoja mmoja, kwa hiyo picha uliyoiona inaweza kuwa ya mnara mwingine. Ukipiga simu uliza: mnara gani, ghorofa gani, na je, juu au chini yake mafundi bado wanagonga? Aina ya chumba iandikwe kwenye uthibitisho. "Tutajitahidi" si chumba.

Mwenye ujuzi ashushe.

Fundi Koki
Anza na bafu, ndilo linaloumbua. Mtindo wa sasa ni kung'oa beseni la kuogea na kuweka shawa ya wazi yenye kioo. Tatizo liko chini ya vigae. Marekani beseni hutolewa maji kwa bomba la inchi 1.5, lakini shawa kwa kawaida hutakiwa inchi 2. Sababu ni kwamba maji kwenye beseni yana pa kusubiri, sakafu ya shawa haina. Wakibakiza bomba la zamani kisha wakafunga kichwa kikubwa cha mvua, maji yanapanda.

Fungua shawa mpaka mwisho kwa dakika 3 ukiwa bado umevaa viatu. Tazama mambo mawili: maji yanatuama kuzunguka tundu? Yanatambaa kuelekea mlangoni? La pili kwa kawaida ni mteremko mbovu. Sakafu inatakiwa ishuke kama sentimita 2 kwa kila mita. Kigae kikubwa ni kizuri kwa macho lakini ni kigumu kukipa mteremko wa pande nne, ndiyo maana hata vyumba vipya huweza kuvuja. Taulo mlangoni haitatui kitu, maji yakishaingia chini ya zulia harufu haitoki.

Fundi Koki
Nimesahau harufu ya mtaro. Chumba kikifungwa miezi kadhaa, maji yaliyo kwenye mkunjo wa bomba chini ya sinki na sakafuni hukauka, na hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu isipande. Mwaga kama lita moja kwenye kila tundu, la sakafuni usiliruke. Harufu ikirudi baada ya saa moja, basi huenda kuna maungio yaliyoachia. Hiyo huwezi kuisubiri, hama chumba.

Zamu ya Usiku
Nakazia hapo kwa Koki. Maji yaliyolala kwenye mabomba ya ghorofa iliyofungwa yanaweza kuotesha bakteria wa Legionella, ambao hupenda uvuguvugu, takriban nyuzi 20 hadi 45. Mtu huambukizwa kwa kuvuta matone madogo hewani. Kwa hiyo acha maji ya moto na ya baridi yatiririke dakika kadhaa, washa feni ya bafuni, funga mlango, kaa nje. Wazee na wenye mapafu dhaifu wasiruke hatua hii.

Dari Chini
Kiyoyozi kinachozima usiku wa manane huenda si kibovu. Vidhibiti vipya vingi vya ukutani vina kihisi cha mwendo. Ukilala tuli, mfumo unadhani chumba ni kitupu na joto linaachiwa lipande. Dalili: unaamka na jasho, unageuka kitandani, feni inaanza yenyewe. Waambie mapokezi hivi: "kihisi cha mwendo kinazima kiyoyozi nikiwa nimelala." Ukisema tu "kiyoyozi kibovu", fundi atakuja, atakuta kinafanya kazi (maana yeye anatembea), ataondoka. Penye roshani huenda kuna kihisi kingine mlangoni: ukiuacha nusu wazi, baridi inakatika.

Mgeni Mpya
Na harufu ya rangi na zulia jipya? Dirisha halifunguki.

Dari Chini
@Mgeni Mpya, kwenye majengo marefu ndivyo yalivyo. Harufu ya rangi hutoka mapema, inayokaa ni ya gundi ya zulia na ya mbao za kubanwa kwenye makabati; hii ya mbao hutoa formaldehidi, gesi yenye harufu kali. Joto na unyevu huizidisha. Kwa hiyo punguza joto la chumba, weka feni izunguke muda wote badala ya kujiwasha yenyewe, fungua kabati na droo zote ukiwa umetoka. Manukato ya kupuliza ni kuongeza kemikali juu ya kemikali. Mwenye pumu aombe chumba kilichokamilika mapema zaidi kwenye mnara huo.

Kaunta
Upande wa hela. Minibaa nyingi (friji ndogo za chumbani zenye vinywaji vya kuuza) zina vihisi. Chupa ikinyanyuliwa kwa muda mfupi tu inaweza kuingia kwenye bili, hata ukiirudisha. Usiondoe vitu ili uweke dawa au maziwa ya mtoto, omba friji tupu. Trei ya karanga juu ya meza nayo inaweza kuwa hivyohivyo.

Ada ya risoti (nyongeza ya lazima juu ya bei ya chumba) hutozwa kwa kila usiku, utumie bwawa usitumie. Marekani, tangu Mei 12, 2025 kanuni ya serikali kuu inataka bei inayotangazwa iwe imejumlisha ada za lazima. Dhamana inayoshikiliwa kwenye kadi ni jambo jingine: ukitumia kadi ya benki yenye hela zako mwenyewe, inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa. Tumia kadi ya mkopo kama unayo.

Hesabu Kwanza
Na chumba cha "bure" kina bei. Kasino hupima thamani yako hivi: dau la wastani, mara mizunguko kwa saa, mara saa, mara faida ya nyumba. Ruleti ya Marekani ina matundu 38, faida ya nyumba ni asilimia 5.26. Dau la dola 10, mizunguko 35 kwa saa, saa 3: dola 1,050 zimepita mezani, matarajio ya kasino ni kubaki na kama dola 55. Linganisha na bei ya chumba ndipo ushukuru.

Zamu ya Usiku
Moshi na kelele. Sheria ya Nevada ya 2006 dhidi ya uvutaji ndani iliacha nje kumbi za kamari, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kipya na lifti ikakuletea moshi. Park MGM ya Las Vegas, ambayo ilikuwa Monte Carlo kabla ya kukarabatiwa, ndiyo ya kwanza kwenye Strip, barabara kuu ya kasino mjini humo, kuwa bila moshi kabisa, mwaka 2020. Kwingine omba chumba kilicho mbali na lifti.

Kuhusu kelele, besi ya klabu hupanda kwenye nguzo za jengo, zulia haliizuii. Weka kiganja ukutani saa za usiku, ukihisi mtetemo usingoje uzoee.

Kitasa
Naongezea mlango wa kuunganisha vyumba viwili. Baada ya ukarabati huwa umepakwa rangi vizuri, lakini mpira wa pembeni haukurudishwa. Zima taa, angalia chini: ukiona mwanga wa jirani, utasikia na maongezi yake. Jaribu komeo lake, kisha la mlango mkubwa, mara mbili mbili, maana fremu mpya hukaa vibaya na komeo huishia nusu tundu.

Kama kuna kasoro, piga picha kabla ya kuweka begi kitandani, piga simu mapokezi, andika saa na jina la aliyepokea. Chumba ambacho hujakitumia hubadilishwa haraka, kwa sababu hakihitaji kusafishwa upya.