Mzee anapaliwa na maji lakini bugali inapita, naomba ushauri

Ndugu na dada, hamjambo. Niko Kadutu, Bukavu. Baba, miaka 71, alipooza upande wa kuume mwezi wa tatu. Bugali laini na sombe (majani ya muhogo) anameza vizuri, ila maji na chai vinampalia: anakohoa, kisha sauti inabaki kama ina maji ndani. Muuguzi alieleza kwamba maji yanateremka mbio kabla kifuniko cha njia ya hewa hakijafunga. Tunamkalisha wima, kijiko kijiko, kidevu chini. Imesaidia kidogo tu. Mama anataka tutumie mrija wa kunywea, mimi naogopa.

Je, tumkorogee vinywaji viwe vizito kama uji mwepesi? Na hapa Bukavu nani anafundisha mgonjwa kumeza upya, kinezi (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) au daktari wa koo?