Mrejesho: zile saiti za gobore nimeshabadilisha

Kamwene wakuu, mimi ndo yule wa Mufindi niliyeuliza kuhusu gobore langu (lina kibali) saiti (vile vya kulengea juu ya mtutu) za kiwandani fupi na nyembamba, jioni shambani sizioni kabisa na nguruwe pori wanamaliza mahindi.

Kwanza nilishusha mdeki (ile fimbo ya kushindilia) ndani ya mtutu mpaka chini kuhakikisha halina kitu, msiruke hapo jamani. Saiti ya mbele imekaa kwenye mfereji, nikaigonga kwa kipande cha shaba kutoka kushoto kwenda kulia, mpya nikaiingiza kutokea kulia, chuma kwa chuma ingeharibu mtutu. Ya nyuma skrubu mbili tu.

Sasa mpya ya mbele nimechukua ndefu makusudi, maana unaweza kuipunguza ila huwezi kuirefusha. Mita 50 risasi ikawa inapiga chini sentimita 20, saiti zangu zimeachana sentimita 70, kwa hiyo 70 mara 20 gawa kwa 5000 (ndo mita 50 kwa sentimita) unapata sentimita 0.28, yaani milimita 2.8 za kupiga tupa. Nikapiga tupa milimita 2 kwanza nikajaribu, halafu kidogo kidogo mpaka ikapanda. Kushoto kulia nikasogeza ya nyuma upande ninaotaka risasi iende.

Sasa hivi tatu mfululizo zinaingia kwenye sahani ya chai. Asante sana mliosema ninunue ndefu, mmeniokolea hela.