Nafungua hedi ya Spacio mwenyewe: vifaa gani ninunue vya maana, vipi niazime?

Mwana_Tororo
Wadau, habari za Jumapili. Nina Toyota Spacio NZE121, injini 1NZ-FE. Limeanza kunywa maji na sioni linapovuja, na likipanda mlima na mzigo sindano ya joto inapanda nalo. Fundi wa mtaani kwangu ameshahukumu: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi (sehemu ya juu ya injini). Breki, shoki na servisi huwa nafanya mwenyewe, kwa hiyo na hii nataka niifanye taratibu. Gari liko nyumbani, boda zipo, sina haraka.

Spana na soketi za kawaida ninazo. Ninachokosa ni vile vifaa maalumu: spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), soketi ya boliti za hedi, kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kipimo cha nyuzi (digrii za kuzungusha boliti), kivuta puli. Nimetenga laki tano. Duka moja limenionyesha sanduku jekundu lenye kila kitu ndani, na chenji inabaki. Jirani ananiambia ninunue kimoja kimoja cha uhakika. Mtu asiye na gereji afuate lipi?

Kijana_wa_Garage
Ssebo, unajipa kazi. Nimefunga hedi za Premio na Hiace kwa racheti na kipande cha bomba, mkono unajua wenyewe umefika. Nunua gasketi orijino, hela inayobaki weka mafuta.

FundiWaMalaba
Kijana, kwa chuma cha zamani huenda ukapona. Bloku ya 1NZ ni alumini, na meno ya matundu yake ya boliti yakivutwa hayasamehi. Boliti zake kumi zinafungwa kwa 29 Nm kwanza (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha zinazungushwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kisha 90 nyingine. Hiyo 29 ni ndogo mno, na mkono uliozoea nati za magurudumu hauisikii. Ukizidisha kwenye hatua ya kwanza, zile nyuzi 180 za mwisho zinaivuta boliti kupita ilipopangiwa.

Mwana_Tororo, hapo ndipo hela yako iende. Spana ya toki nyingi zinazouzwa zina pembe nne ya nusu inchi ya kuvalia soketi, zimeandikwa 28 hadi 210 Nm. Ukisoma haraka utasema 29 imo. Imo, lakini chini kabisa ya kipimo, mahali ambapo springi yake haiaminiki. Tafuta ya inchi tatu kwa nane (3/8) inayoanzia karibu 20 na kuishia 100 au 110. Hiyo itakufungia hedi, boliti ya kumwagia oili na kazi nyingine nyingi. Boliti ya puli ya mbele inataka 128 Nm. Hiyo ndiyo ya kuazimia spana ya nusu inchi.

Kipimo cha nyuzi usinunue. Kitabu cha Toyota chenyewe kinasema weka alama ya rangi mbele ya kila boliti, zungusha robo, zungusha robo tena. Kopo dogo la rangi nyeupe linatosha.

Mama_Spea
Mimi nauza spea, nitasema ya upande wa kaunta. Mwanangu, maandishi "Cr-V" (chuma cha kromu na vanadi) kwenye soketi hayathibitishi kitu. Kuchora herufi ni kazi rahisi kuliko kupika chuma. Chukua soketi uitazame mdomoni: kuta ziwe na unene sawa pande zote, na kromu isiwe inabanduka kwenye kingo. Ivalishe kwenye boliti mpya pale pale dukani. Ikicheza, irudishe. Kwa boliti ngumu chagua ya pembe 6, ya pembe 12 hula vichwa.

Ila boliti za hedi ya 1NZ ni kinyume, tundu liko ndani na lina pembe 12. Watu huchomeka aleni ya pembe 6 inayokaribia, halafu tundu linakuwa duara na kazi inahamia kwa mchomeaji. Nenda na boliti yenyewe au mwombe muuzaji aonyeshe biti kwenye boliti kuukuu. Biti iwe ya S2, chuma kigumu cha zana, ndefu, na ipite katikati ya hedi bila kuegemea ukuta.

Spana ya toki nzuri huja na karatasi yenye namba ile ile iliyochongwa kwenye mpini, na vipimo vilivyopatikana ilipojaribiwa. Kiwango cha ISO 6789 kinaruhusu ikosee asilimia 4 juu au chini kwa toki inayozidi 10 Nm. Karatasi ikiwa ya kuchapwa tu bila namba, hiyo ni mapambo. Ukibahatika kukuta KTC, Tone au Koken iliyotumika kutoka Japani, usiidharau kwa sababu ya mikwaruzo.

Mwana_Tororo
Asante mama. Na hiyo iliyotumika nitajuaje bado inasema kweli? Mimi sina maabara.

FundiWaMalaba
Una jerikeni? Funga ile pembe nne ya spana kwenye jiriwa, mpini ulale sawa na sakafu. Pima kutoka katikati ya pembe nne hadi katikati ya mshiko. Tuseme ni sentimita 40. Iweke kwenye 29 Nm, ning'iniza jerikeni ndogo hapo kwenye mshiko, si katikati ya fimbo, na uongeze maji polepole. Jerikeni na maji vikifika kama kilo 7.4, inatakiwa ibofye. Uzito wa spana yenyewe unaongeza kidogo, kwa hiyo ikibofya mapema kidogo usishtuke. Ikibofya kwenye kilo 5 au 10, mrudishie mwenyewe.

Ukitaka uhakika zaidi, UNBS, shirika la viwango la Uganda, wana maabara ya vipimo kule Bweyogerere karibu na Kampala, wapigie uulize kama wanapokea spana za toki. Na usifungulie nayo boliti zilizogoma. Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuiweka.

Dereva_Gulu
Mbona hakuna aliyeuliza kama kweli ni gasketi? Maji hupotea pia kwa kifuniko cha rejeta kilichochoka au pampu inayovuja injini ikiwa moto. Azima kipimo cha kompresheni kwanza. Kiwe cha kufunga kwa meno kama plagi. Kile cha kubana kwa mpira hakifai, plagi za 1NZ ziko ndani ya shimo refu. Injini iwe moto, toa plagi zote, chomoa soketi za koili na za injekta, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata. Tofauti kati ya silinda isizidi bar 1.

Kijana_wa_Garage
Na puli ya mbele mtaitoa na nini? Au mtaipiga nyundo, enyi wataalamu?

FundiWaMalaba
Hapo umeuliza la maana. Kivuta cha makucha usikishike kwenye ukingo, puli nyingi zina mpira katikati na ukingo unaachana na kitovu. Tumia cha kuvuta kwa boliti. Cha kuishikilia isizunguke usinunue kabisa: mchomeaji yeyote atakutengenezea kwa bapa la chuma na boliti mbili.

Mwana_Tororo
Nimeazima kipimo kwa jamaa wa Mbale. Silinda ya 1 na ya 4 ziko juu na zinalingana. Ya 2 na ya 3 ziko chini zote mbili, karibu sawa.

Dereva_Gulu
Mbili zinazopakana zikishuka pamoja, mara nyingi gasketi imetoboka katikati yao. Fundi wako wa mtaani hakukosea. Nunua.

FundiWaMalaba
Sanduku jekundu liache. Chukua spana ya tatu kwa nane, biti ya S2 na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Hedi ikitoka, omba rula ya chuma iliyonyooka kwa watu wa mashine, ilaze juu ya uso kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Fila geji ya milimita 0.05 ikipita chini yake, waachie hedi waichonge. Isipopita, safisha tu, usikubali kuchongewa bure. Boliti nazo zipimwe kabla hazijarudi, zilizovutika zina kiuno chembamba.

Mwana_Tororo
Jumamosi naenda Kisekka, soko la spea Kampala, na boliti mfukoni. Mama_Spea, una gasketi ya 1NZ?

Mama_Spea
Ninayo. Njoo na namba ya chasisi.