Wakuu, hii kanji 生 mnaisomaje? Kamusi inanipa namna 12

Mwana Mikindani
Habari za leo wakuu. Nipo Japani, nasoma chuo cha lugha, na jioni nafanya kibarua upande wa samaki kwenye supamaketi. Julai nina mtihani wa JLPT, ule wa kupima Kijapani cha wageni, ngazi ya N4, ya pili kutoka chini. Kanji zote, yaani hizi herufi zenye asili ya Kichina, zinanitoa jasho ila hii 生 imezidi. Watoto wao wanafundishwa darasa la kwanza, ina mistari mitano tu, na maana yake naielewa: uhai, kuzaliwa, kuota, ubichi. Kasheshe ni kuisoma. Kwenye 先生 ni sei, kwenye 一生, maisha yote, ni shō, kwenye 誕生日 imegeuka jō. Kazini, kwenye pakiti, wanasema nama, yaani mbichi. Halafu 生きる ni i, 生まれる ni u, 生える ni ha! Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida inataja namna 12. Nimezibandika ukutani, asubuhi nazikariri, jioni zimeyeyuka. Nizimeze zote au kuna njia? Naomba kuwasilisha.

Ngosha Mpole
Ngoja waje wataalamu. Kijapani changu kiliishia kwenye Toyota.

Bibi Chumvi
Pole mjukuu. Bandua hiyo karatasi.

Nikikuandikia "watu 2" utasoma wawili. "Viti 2", viwili. "Sura ya 2", ya pili. "Saa 2", mbili. Nani alikukaririsha orodha ya sauti za hiyo 2? Maneno ulikuwa nayo tayari, alama ikaja juu yake. Mtoto wa Kijapani naye yuko hivyo hivyo na 生: alishasema umareru na sensei kabla hajashika penseli. Wewe huna hayo maneno bado, ndiyo maana orodha inakukimbia.

Kwa hiyo kusanya maneno, achana na sauti tupu. 先生 sensei, mwalimu. 学生 gakusei, mwanafunzi. 生活 seikatsu, maisha ya kila siku. 誕生日 tanjōbi, siku ya kuzaliwa. 生きる ikiru, kuishi. 生まれる umareru, kuzaliwa. Ukiyazoea hayo kwenye sentensi, sauti kadhaa umeshazibeba bila kujua. Na mtihani wenyewe hauulizi orodha. Unapewa sentensi, neno limepigiwa mstari, unachagua jibu kati ya manne. Kuandika kwa mkono hakumo kabisa.

Jambo la pili, tazama mkia. Ukiona hiragana, zile herufi nyepesi za sauti tu, zimening'inia nyuma ya kanji, hizo ndizo zinakuambia kichwa kisomweje. Kuna きる? Soma i. Kuna まれる? Soma u. Kuna える? Soma ha: ni kuota, kama meno, nywele au magugu. Kanji mbili zikibanana bila mkia, kama 人生 jinsei, maisha ya mtu, anza kwa kudhani ni sauti iliyotoka Kichina, kama hiyo sei. Utakosea mara chache.

Fundi Tochi
Nakubaliana na Bibi ila si kwa asilimia mia. Sei ikariri, tena leo. Hiyo sauti inakufungulia milango mingine: 星 nyota, 性 jinsia au tabia ya kitu, 姓 jina la ukoo, 牲 ya kwenye 犠牲 gisei, yaani sadaka au mhanga. Zote zimembeba 生 ndani yake na zote zinasomeka sei kwenye maneno ya asili ya Kichina. Ni faida ya bure, na vitabu vingi vya wanaoanza havikuambii.

Na kwa nini kuna sei na shō? Zimefika kwa awamu tofauti. Shō ni ya zamani zaidi, ndiyo maana utaikuta sana kwenye maneno ya Kibudha. Sei ililetwa baadaye, na wanafunzi na watawa waliotumwa China enzi za utawala wa Tang. Wajapani hawakutupa ya kwanza, wakabaki na zote mbili pamoja na maneno yao wenyewe. Jō ya tanjōbi ni shō hiyo hiyo iliyolainika katikati ya neno, usiihesabu kama mzigo mpya.

Mwana Mikindani
Shikamoo Bibi. Mkia nimeuelewa. Sasa kazini kuna pakiti za chaza zimeandikwa 生食用 na nyingine 加熱用. Na 生物 je? Kitabu cha shule kinasema seibutsu, bosi anasema namamono.

Bibi Chumvi
Marahaba, ingawa ubibi ni wa jina tu.

Hizo pakiti usizichanganye hata siku moja! 生食用 ni za kuliwa mbichi, 加熱用 kanetsuyō ni za kupikwa kwanza. Ya kwanza kamusi itakuambia seishokuyō, lakini namashokuyō nayo utaisikia sana.

生物 mko sawa nyote wawili. Seibutsu ni viumbe hai, na ni somo la baiolojia pia. Namamono ni chakula kibichi kinachoharibika haraka. Maandishi ni yale yale, hivyo angalia umesimama wapi: darasani au kwenye friji. Wengi wanakwepa utata kwa kuandika 生もの. Na ukimsikia mtu baa anaagiza "nama" peke yake, hataki samaki, anataka bia ya bomba. Na ukilitaja neno bia lenyewe, vuta irabu: bīru ni bia, biru ni jengo.

Dada wa Kisauni
Niongeze la kuandika, maana wengi wanajifunzia kwenye video za Wachina. Kwa mpangilio wa Kijapani, 生 unaanza na mkwaju wa kushoto, mlalo wa juu, kisha wima, ndipo milalo miwili ya chini. Wachina wanaweka mlalo wa pili kabla ya wima.

Na kuna maneno ambayo hakuna kanuni itakayokuokoa: 芝生 shibafu, uwanja wa nyasi, 弥生 yayoi, jina la zamani la mwezi wa tatu. Hayo unayameza mazima.

Mwana Mikindani
Asanteni sana. Karatasi nimeitoa, nimeandika maneno. La mwisho: 生地 kwenye pakiti ya piza naisoma namaji?

Fundi Tochi
Kiji. Ni donge la unga uliokandwa. Ukienda duka la vitambaa utaikuta tena, kiji hiyo hiyo, safari hii ni kitambaa chenyewe.

Ngosha Mpole
Nimerudi kwenye Toyota.